Paa la Mbao Lililozeeka: Ubao Upi Ubaki, Upi Ung'olewe

Chini ya vigae, bati au karatasi ya lami ya mapaa mengi ya zamani kuna mbao zilizolazwa kukatiza makombamoyo (ile miti ya mteremko inayobeba paa), ubao kando ya ubao, kuanzia upenuni hadi kileleni. Nitaziita mbao za tandiko, maana kazi yake ndiyo hiyo: zimetandikwa ili kilicho juu kipate pa kupigiliwa, na uzito wake ugawanyike kwenye makombamoyo. Hazionekani, kwa hiyo hukumbukwa siku dari linapoanza kuchora ramani ya kahawia. Hapo fundi huitwa, hupanda, hushuka na kutoa hukumu: "Ng'oa zote."

Mara nyingi hukumu hiyo ni ya haraka. Mbao nyingi za zamani zilipasuliwa kutoka kwenye miti iliyokua polepole. Pete zake zimebanana na unene wake ni inchi moja kamili. Zikikaa pakavu, umri peke yake hauziozeshi. Ukiziondoa zote ukaweka laini za siku hizi, huenda umetoa kilicho bora ukaingiza kilicho dhaifu. Kazi yenyewe ni kujua ubao upi umekufa, upi unaumwa, na upi una sura mbaya tu. Ukishajua hilo, kupigilia misumari si kitu.

Anzia darini, si juu ya paa

Ingia darini na tochi yenye mwanga mkali, bisibisi bapa, nyundo ndogo na chaki. Kanyaga boriti tu. Dari halibebi mtu. Siku nzuri ya kuingia ni siku ya mvua, au kesho yake, kabla paa halijakauka.

Anza na doa la darini, kisha panda nalo kuelekea kileleni. Maji huingia mahali pamoja, yakateleza chini ya ubao au kando ya kombamoyo, na kudondoka yanapokutana na msumari au kifundo cha mti. Kwa hiyo tundu karibu kila mara liko juu zaidi ya doa, pengine mita kadhaa. Tazama kwanza palipotobolewa paa: pembeni mwa bomba la moshi, kwenye mabomba ya hewa, kwenye bonde ambako mapaa mawili hukutana, na chini ya kofia ya kilele. Mabati au vigae vya katikati ya paa, pasipo na kitu kilichochomoza, si washukiwa wa kwanza.

Kisha zima tochi, kaa gizani dakika mbili tatu. Nyuzi za mwanga zitakuonyesha palipo wazi. Zitie alama.

Kuna jambo moja ambalo huwapotosha hata mafundi wenye miaka mingi. Si kila ubao uliolowa umevujiwa. Ukiona ncha za misumari zimeshika kutu kila mahali, kila moja ikiwa na duara dogo jeusi kwenye ubao, na madoadoa ya ukungu yameenea upande mzima hasa juu ya bafu na jiko, huo ni mvuke. Hewa ya moto yenye unyevu imepanda kutoka chini, imegusa ubao wenye baridi na kugeuka maji. Uvujaji huacha doa lenye mipaka, lenye mkondo unaoweza kuufuata kwa kidole. Mvuke hauna mkondo. Ukikosea hapa utabadilisha paa zima na bado mbao zitalowa.

Na usishtuke ukikuta mbao zimeachana kwa nafasi sawasawa, tuseme upana wa vidole vitatu au zaidi kati ya ubao na ubao. Hazikuibwa. Ziliwekwa hivyo makusudi ili vigae vya mbao au vya udongo vilivyokuwa juu yake vipate hewa. Nafasi hizo huwa tatizo pale tu unapotaka kubadilisha ezeko na kuweka kitu kinachohitaji tandiko lisilo na mianya.

Kumjua ubao

Chukua bisibisi. Sukuma ncha yake kwenye ubao kwa nguvu ya mkono, bila kupiga: kwenye ncha za mbao, kandokando, na kuzunguka misumari, maana huko ndiko maji hupenda kukaa. Ubao mzima hukataa. Ncha huacha alama tu. Ikizama milimita tano na zaidi bila kupingwa, weka alama ya chaki.

Kipimo bora zaidi ni cha kibanzi. Ingiza ncha ya bisibisi kidogo tu, kwa kufuata nyuzi za mti, kisha inua kama unayebandua. Ubao wenye afya hutoa kibanzi kirefu chenye nyuzi, kikilia kinapochanika. Ubao ulioanza kuoza hutoa kipande kifupi kinachokatika papo hapo, kimya, kama biskuti iliyolowa. Napenda kipimo hiki kwa sababu kinaufumania uozo mapema, wakati macho bado yanasema ubao ni mzima.

Gonga kwa nyundo pia. Mlio mkavu ni habari njema. Mlio mzito uliozibika, au wa kitu kitupu ndani, sivyo. Ukiwa na kipima unyevu, tumia. Chini ya asilimia 20 ubao uko salama. Kuvu inayoozesha mbao hustawi unyevu unapokaribia asilimia 30, hapo chembe za mti zimekwisha kushiba maji. Ubao ukikauka, kuvu hulala, lakini haifi. Ukilowa tena huamka na kuendelea ilipoishia. Ndiyo maana sipendi msemo wa "uozo mkavu". Hakuna uozo uliotokea pakavu. Kuna uozo ulioonekana baada ya kukauka.

Rangi ni mdanganyifu, kwa hiyo isome kwa uangalifu. Weusi unaozunguka msumari mara nyingi ni chuma kilichokutana na tanini, ukakasi wa asili ulio ndani ya mti. Ubao wenyewe unaweza kuwa imara. Rangi ya kijivu kwenye sehemu zilizowahi kupigwa na jua ni ya juujuu. Michirizi ya samawati iliyopenya ndani ni kazi ya kuvu ya rangi, ambayo haipunguzi sana nguvu ya mti ila inakuambia ubao huu uliwahi kulowa. Kinachotisha ni ubao uliogeuka kahawia iliyokolea na kupasuka vipande vya mraba kama tope la bwawa lililokauka, au ule uliopauka ukawa laini wa nyuzinyuzi. Huo umeliwa.

Kuhusu wadudu, mchwa wa ardhini hujenga njia za udongo, nao huweza kupanda ukuta hadi paa. Ndani ya ubao huacha ngozi nyembamba tu juu ya uwazi. Mchwa wa mbao kavu hawahitaji udongo, na huacha vinyesi vidogo kama mbegu, vikavu, kila kimoja kikiwa na pande sita ukikitazama kwa kioo cha kukuza. Dumuzi, wadudu watoboao mbao, huacha vitundu vya mviringo na unga laini. Vitundu peke yake si ushahidi kwamba wadudu bado wamo. Pengine waliondoka miaka mingi iliyopita. Fagia unga wote, tandika karatasi nyeusi chini yake, rudi baada ya wiki chache. Unga mpya ukidondoka, tafuta tiba kabla ya kubadilisha chochote. Kwa mchwa wa ardhini, tiba huanzia chini, si darini.

Ukimaliza, chaki yako iwe imesema hivi: msalaba kwa ubao wa kung'olewa, mstari mmoja kwa ubao wa kuangaliwa tena kutoka juu, na uliobaki bila alama uachwe. Kipimo changu mimi ni kwamba misalaba ikiwa imetawanyika, tunatia viraka. Ikizidi theluthi ya upande mmoja wa paa, upande huo ufunguliwe wote, kwani kutia viraka hapo kutakula muda kuliko kuanza upya.

Maji kwanza, ubao baadaye

Niliwahi kubadilisha mbao nne upenuni, nzuri kabisa, zilizotiwa dawa. Masika yaliyofuata doa likarudi palepale. Nilikuwa nimetibu ubao bila kuangalia mfereji: ulikuwa umeziba kwa majani, maji yakawa yanarudi nyuma, yanapanda juu ya ukingo na kuingia chini ya ezeko. Nilifungua tena kwa gharama yangu mwenyewe.

Kwa hiyo kabla ya kununua ubao hata mmoja, safisha mifereji na mabonde, na hakikisha ukingo wa chini wa paa una bati la kudondoshea maji, lile linalokunjwa kuingia ndani ya mfereji. Kagua mabati ya kuziba maungio kwenye kuta na mabomba: je, yameinuka, yametoboka, au yamepakwa lami juu ya lami mwaka baada ya mwaka? Lami ya kupaka ni bandeji. Bati jipya lililokunjwa vizuri na kuingizwa chini ya ezeko la juu na juu ya ezeko la chini ndiyo tiba.

Ikiwa ulichokuta ni mvuke, hakikisha bomba la feni ya bafu na la jiko linatokeza nje kabisa, si kuishia darini. Kisha hesabu matundu ya hewa. Kanuni inayotumika sana ni eneo la matundu liwe sehemu 1 kwa kila 150 ya eneo la sakafu ya dari. Dari la mita za mraba 60 linahitaji basi mita ya mraba 0.4 ya uwazi halisi, yaani bila kuhesabu nyaya za wavu. Gawa nusu chini upenuni na nusu juu karibu na kilele, ili hewa baridi iingie chini na ya moto itokee juu.

Wapo wanaodhani dawa ya mvuke ni kupaka mbao rangi ya mafuta upande wa chini. Usifanye. Utakuwa umeufungia unyevu ndani, na uozo utaendelea nyuma ya rangi inayong'aa.

Kabla ya kupanda

Chagua siku zenye uhakika wa ukavu. Fungua tu kiasi unachoweza kukifunga jioni hiyohiyo, na uwe na turubali tayari. Turubali lipite juu ya kilele na kushuka upande wa pili. Likiishia katikati ya mteremko, maji yataingia chini ya ukingo wake wa juu na utakuwa umeyachimbia mtaro.

Vaa mkanda wa usalama uliofungwa kwenye kitu kisichong'oka. Ngazi isimamishwe kwa kipimo cha 4 kwa 1, yaani ikifika mita 4 juu, kitako chake kiwe mita 1 kutoka ukutani, na ichomoze kama mita moja juu ya ukingo wa paa. Ukiwa juu, kanyaga kwenye mistari ya misumari, kwa sababu chini yake kuna kombamoyo. Ubao wa katikati uliooza hautoi onyo.

Ezeko la zamani la bapa za saruji au karatasi za lami za miaka ya nyuma linaweza kuwa na asbesto. Kama una shaka, usikate, usipige msasa, usivunje; lipimwe kwanza. Na tazama darini kama kuna nyaya za umeme zilizopigiliwa chini ya mbao unazotaka kukata. Zima umeme wa eneo hilo.

Kung'oa bila kumuumiza jirani

Ondoa ezeko kuanzia juu kushuka, ukifungua pia nusu mita hivi kuzunguka mbao zenye msalaba. Sasa kagua zile zenye mstari mmoja: upande wa juu wa ubao mara nyingi una hali tofauti na wa chini.

Amua pa kukata. Usikate panapoishia uozo unaouona. Nyuzi za kuvu hutangulia mbele ya macho, kwa hiyo songa hadi kombamoyo linalofuata lenye ubao mzima juu yake. Na kila ubao mpya ulale juu ya makombamoyo matatu au zaidi. Kipande kifupi kinachovuka nafasi moja tu hucheza kila mtu anapokikanyaga, na ezeko la juu yake hupasuka mahali hapo.

Kuna njia mbili za kukata. Ya kwanza ni katikati ya kombamoyo, ili ubao wa zamani na mpya kila mmoja upate nusu ya kulalia. Ni safi, lakini kombamoyo jembamba linatoa nafasi finyu sana kwa misumari na ncha za mbao hupasuka. Mimi huchagua ya pili: nakata sambamba na ubavu wa kombamoyo, kisha nafunga kwa skrubu kipande cha mbao ya inchi mbili kwa nne ubavuni mwake, uso wake ukiwa sawa na uso wa kombamoyo. Ubao mpya unalalia kipande hicho kizima. Kazi inaongezeka kidogo, na kiungo hakichezi.

Ukitumia msumeno wa umeme wa duara, rekebisha meno yazame kiasi cha unene wa ubao tu. Jaribu kwanza kwenye ubao ambao tayari ni wa kutupwa. Meno yakizidi, utachora mfuo juu ya kombamoyo, na mfuo huo ni mwanzo wa ufa. Chukulia pia kwamba kuna misumari usiyoiona, vaa miwani.

Kung'oa kwenyewe: pasua ubao uliooza kwa patasi katikati, kwa urefu, uutoe vipandevipande. Ukiukwanyua mzima kwa mtaimbo ukiegemea ubao wa jirani, utaharibu jirani. Misumari itakayobaki kwenye kombamoyo ing'oe kwa kuwekea kipande cha mbao chini ya kichwa cha nyundo. Ikikatika, izamishe kabisa.

Mbao zilizoungwa kwa ulimi na mfuo, ubao mmoja umeingia ubavuni mwa mwenzake, zina namna yake. Kata ubao mbovu kwa urefu karibu na ukingo, utoe sehemu ya katikati kwanza, ndipo kingo zitoke bila kuvunja ndimi za wenzake. Ubao mpya, ondoa mdomo wa chini wa mfuo wake, ulimi uingie kwanza upande mmoja, kisha upande wa pili ushuke kutoka juu.

Ubao mpya: unene ndio hushinda wengi

Hapa ndipo viraka vingi huharibika. Ubao wa zamani unaoitwa inchi moja una milimita 25 kweli. Ubao wa dukani uliopigwa randa, ambao pia huitwa inchi moja, mara nyingi umebaki na milimita 19. Ukiweka wa pili kando ya wa kwanza, kiraka kinazama milimita 6. Chini ya karatasi ya lami au vigae vyembamba utakiona kutoka barabarani, na maji yatakaa hapo.

Kwa hiyo pima unene wa ubao uliotoa, sehemu nzima yake, kabla ya kwenda kununua. Omba mbao zisizopigwa randa, au zipasuliwe kwa kipimo chako. Ikishindikana, pigilia vipande vyembamba vya mbao juu ya makombamoyo ili ubao mpya uinuke hadi usawa wa wenzake. Tumia rula ndefu iliyonyooka juu ya vyote viwili. Jicho pekee linasamehe sana.

Ukavu nao. Ubao mbichi wenye upana wa milimita 150 unaweza kusinyaa milimita 6 unapokauka, na hiyo ndiyo nafasi utakayoikuta baadaye. Panga mbao kivulini zikiwa zimetenganishwa kwa vijiti, hewa ipite pande zote, hadi kipima unyevu kiseme chini ya asilimia 20.

Dawa: borati, chumvi ya boroni, huyeyushwa kwenye maji na kupakwa kwa brashi, mara mbili. Hupenya vizuri hata kwenye ubao wenye unyevu kidogo, na huzuia kuvu pamoja na wadudu wengi. Udhaifu wake ni kwamba huoshwa na mvua, hivyo inafaa pale tu patakapofunikwa. Ipake pia kwenye mbao za zamani zilizopakana na kidonda, na usisahau ncha ulizokata, kwa sababu mti hunywa maji kwa ncha kuliko kwa ubavu. Mbao zilizokwisha kutiwa dawa ya shaba kiwandani, zile za kijani, hula misumari ya kawaida. Kwa hizo tumia iliyozamishwa kwenye zinki ya moto au ya chuma cha pua. Masalio yake, pamoja na ya mbao za zamani zenye harufu ya kreosoti (dawa nyeusi ya mbao inayonuka kama lami), yasichomwe. Moshi wake ni sumu.

Kupigilia

Msumari wa inchi 2½, karibu milimita 65, unatosha kwa ubao wa milimita 25: milimita 40 zinabaki ndani ya kombamoyo. Ubao wenye upana hadi milimita 200 upate misumari miwili kwa kila kombamoyo, mipana zaidi mitatu. Kaa kiasi cha upana wa kidole gumba kutoka ukingoni. Kwenye ncha, toboa kwanza kwa keekee, maana hapo ndipo ubao hupasuka.

Viungo visipangane kwenye kombamoyo moja. Vikipangana utakuwa umetengeneza mstari dhaifu kutoka juu hadi chini; vipishane kama matofali ukutani. Acha mwanya mdogo tu kati ya ubao na ubao, milimita 3 hivi, kwa ajili ya kutanuka.

Kama mbao zinaonekana kutoka ndani, yaani ndizo dari lenyewe, misumari yote ya ezeko iwe mifupi kuliko unene wa ubao. Hakuna kinachoudhi kama kulala chali ukihesabu ncha za misumari.

Magonjwa madogo yasiyohitaji ubao mpya

Kifundo kilichodondoka na kuacha tundu: funika kwa kipande bapa cha bati lenye zinki, kikubwa kuliko tundu pande zote, kipigiliwe kwa misumari mifupi. Usijaze tundu kwa gundi na unga wa mbao; hudondoka.

Msumari uliopanda: usiupige urudi. Tundu lake limekwisha kupanuka, nao utapanda tena na kutoboa ezeko. Ung'oe, weka skrubu au msumari wenye mifuo pembeni kidogo, kwenye mti mpya.

Ubao uliojikunja kingo zikainuka: skrubu mbili karibu na kila ukingo, zikazwe taratibu kwa zamu, siku mbili ikibidi. Ukilazimisha kwa mara moja utapasuka. Ukikataa kabisa, upasue kwa urefu katikati na kila nusu ikazwe peke yake. Nusu nyembamba hazina nguvu ya kujikunja sana.

Mpasuko mrefu unaofuata nyuzi, pande zote mbili zikiwa zimeshikwa na misumari, hauna madhara. Uache.

Plaiwudi juu ya mbao za zamani

Wakati mwingine mbao ni nzima ila mianya yake ni mipana, na ezeko jipya linataka tandiko tambarare. Mwanya ukizidi milimita 6 hivi, misumari ya ezeko huanza kuangukia hewani. Hapo plaiwudi ya milimita 12, ya gundi isiyoyeyuka kwa maji, inafaa kulazwa juu yake.

Masharti yake ni matatu. Mbao za chini ziwe zimekwisha kutengenezwa na kukauka, la sivyo umefunika kidonda. Skrubu zifike kwenye makombamoyo, kwa hiyo ziwe inchi 3, kila milimita 150 kwenye kingo za shiti na kila milimita 300 katikati. Na shiti ziachiane milimita 3, viungo vyake visiangukie juu ya viungo vya mbao. Kumbuka uzito: plaiwudi hiyo inaongeza karibu kilo 7 kwa kila mita ya mraba. Kwa makombamoyo mazima si mzigo wa kutisha. Kwa yaliyokwisha kupinda, tafuta ushauri kwanza.

Kombamoyo likiwa bovu

Uozo wa juujuu wa milimita chache unaweza kuchongwa hadi mti mzima, ukapakwa borati, kisha kombamoyo likaongezewa mwenzake ubavuni: mbao ya kipimo kilekile, iliyofungwa kwa bolti na kupita sehemu mbovu kwa mbali pande zote mbili. Uozo uliofika kwenye kichwa cha ukuta, au ulioko kwenye kenchi ya pembetatu, si kazi ya kubahatisha. Kila kiungo cha kenchi kinavuta au kusukuma kingine. Ukikata kimoja, vingine vyote vinabadilika. Weka nguzo za kushikilia na umwite mhandisi.

Kila mwaka

Ingia darini mara mbili, kabla ya mvua na katikati yake. Tochi, bisibisi, dakika ishirini. Safisha mifereji na mabonde, kata matawi yanayogusa paa, angalia kofia ya kilele kama kuna msumari uliolegea. Fagia majani, lakini usioshe paa kwa mashine ya maji ya kasi. Hupeleka maji juu, chini ya ezeko, kinyume na yalivyozoea kwenda.

Na kabla ya kufunga kila kiraka, andika kwa penseli tarehe na sababu kwenye upande wa chini wa ubao mpya, mahali utakapoonekana kutoka darini: "mfereji uliziba", "bati la bomba lilitoboka". Penseli hudumu miaka mingi pakavu. Maandishi yakianza kufifia kwa unyevu, anza kutafuta hapo.